Verna na Mnyororo wa Kioo

Katika makumbusho yetu ya sanaa, jina la Verna Kessler hulikuti ukutani. Ukutani kuna majina ya waliochora, ya waliochonga, ya matajiri waliotoa fedha, na ya mratibu wa maonyesho aliyeandika aya tatu ndefu ambazo watu huzipita bila kuzisoma. Aliyekiinua kitu kikafika pale juu bila ufa hatajwi popote. Mimi ni mmoja wa hao wasiotajwa, naitwa Odell, na sitaficha kwamba jambo hili huniudhi. Kazi yote niijuayo nilifundishwa na Verna, na somo la kwanza lilianza kwa matusi.

Siku hiyo alinijia kwenye chumba cha makasha akiwa na kikombe cha kahawa kilichojaa pomoni, akakinyoosha mbele yangu, juu kabisa ya viatu vyake vipya vyeupe.

"Haya, chukua," akasema.

Nikakishika. Hakuachia. Nikavuta kidogo, naye akazidi kung'ang'ania, kahawa ikamwagikia kiatu.

"Kwani mama yako alizaa bubu?" akaniuliza.

"Unataka niseme nini?"

"Sema, nimeshika. Mimi nitasema, ni yako. Hapo ndipo naachia. Usiposema tutasimama hapa mpaka Krismasi, na kahawa yangu inapoa."

Hiyo ndiyo sheria yetu sisi wabebaji wa sanaa. Anayetoa haachii mpaka anayepokea aseme, kwa sababu anayetoa anaona tu. Anayepokea ndiye peke yake ajuaye kama uzito umemfika mikononi. Neno hilo hatulifanyii mzaha. Mumewe Verna, Leonard, fundi wa mabomba mpenda hadithi, alizoea kutuambia kwamba hata siku ya harusi, padri alipomuuliza bibi harusi kama amekubali, alijibu, nimeshika. Sijui kama ni kweli, lakini kwa tunavyomjua Verna hatukuona sababu ya kubisha.

Watu wa mji wetu huhesabu majira kwa theluji na kwa kuyeyuka kwa barafu ya Ziwa Erie. Sisi tunahesabu kwa kinachoshuka na kinachopanda. Kipupwe kile, kilichokuwa kikishuka ni mablanketi ya viraka yaliyoshonwa na akina mama wa mashambani, na kilichokuwa kikipanda ni kioo. Ukumbi wa tatu ulifungwa kwa pazia, na mlangoni pakabandikwa tangazo: Yanakuja Machi, Kioo cha Mwisho wa Zamu.

Mji mzima uliyangoja maonyesho hayo, jambo ambalo kwetu si la kawaida. Kiwanda cha kioo kilifungwa zamani, ila kila nyumba upande ule wa reli, walikokaa wafanyakazi wake, ina kitu chake kabatini: fimbo ya kioo, kofia ya kioo, nguruwe wa kioo. Wanaume walivitengeneza zamu ikiisha, kwa kioo kilichobaki tanurini, wakavipeleka kwa wake zao au wakaandamana navyo Sikukuu ya Wafanyakazi. Makumbusho yetu yalivibeza miaka nenda miaka rudi. Kisha mratibu akagundua kwamba ni sanaa, wakubwa wakapongezana kana kwamba wao ndio waliowasha lile tanuri.

Kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa mnyororo. Watu wa zamu ya mchana waliuunga pete kwa pete, kila mmoja akitia zake, mpaka ukatosha kuvuka ukumbi wa chama cha wafanyakazi ukuta hadi ukuta. Kiwanda kilipofungwa aliuchukua msimamizi wa zamu, Bwana Dudash, na alipofariki, mjane wake, Bibi Irma Dudash, akaulaza chini ya kitanda umeviringishwa mashuka. Baba yake Verna, Andy Mihalik, alikuwa wa zamu hiyo. Andy alijaliwa mikono ya dhahabu na kiu isiyokwisha; kila alichokitengeneza alikibadilisha kwa bia, na alipokufa hakumwachia binti yake hata bilauri. Kilichobaki cha kazi yake duniani kilikuwa humo mnyororoni, pete moja au mbili, na hapakuwa na mtu aliyejua ni zipi.

"Huo nautundika mimi," Verna alisema siku tulipoonyeshwa picha yake. "Mtu asije akanishindania."

Hakuna aliyeshindana naye. Nani angethubutu?

Nilijua mambo si mazuri tulipokuwa tukishusha mablanketi. Tulikuwa tukichomoa pini zilizoshikilia pindo la juu, Verna upande wake nami wangu, naye akicheka kitu alichosema Dwayne, mwenzetu wa tatu. Nikaona glavu yake ya kulia inageuka nyekundu penye kidole gumba. Pini ilikuwa imezama hadi kichwani, na yeye bado anacheka. Nilimvuta kiwiko nikamtoa mbali na blanketi kabla tone halijadondoka. Alinikunjia uso kwanza, halafu akatazama mkono wake, na kicheko kikamwisha.

Mchana nikamfuata chumba cha mapumziko, nikafunga mlango.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Verna, usinifanye mtoto. Pini nzima ilikuwa ndani ya nyama."

Akatafuna mkate wake wa soseji bila haraka, akameza, akajifuta mdomo.

"Tangu Novemba, kabla ya Sikukuu ya Shukrani," akasema. "Gumba na vidole viwili. Nguvu ipo, naweza kukukaba koo sasa hivi ukipenda. Ila sihisi. Nikikitazama kitu, najua nimekishika. Nikiangalia pembeni, sijui."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari ataniambia nipumzike. Halafu Gail ataniweka dawati la tiketi, niwabandike watu vikaratasi kifuani mpaka nizeeke."

Gail ndiye mkuu wetu wa kutundika maonyesho. Si mtu mbaya, lakini kwa vitu vya kuazima hana mchezo, na ningekuwa mahali pake nami nisingekuwa nao.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia.

"Kiniumbue baada ya Machi. Mnyororo ukishapanda nitamwambia Gail mwenyewe, kwa mdomo wangu." Akausukuma mkate pembeni. "Baba aliuza kila kitu, Odell. Hizo pete ndizo pekee alizoshindwa kuziuza, na alishindwa kwa sababu zilikuwa zimeungwa na za wenzake. Niache niziinue mara moja tu."

"Na ukiziangusha?"

Akaushusha mkono wa kulia chini ya meza. Hilo lilinitia hofu kuliko ile damu.

"Basi sikia," nikasema. "Mimi nitasimama chini yako. Nakupa, unapokea. Sitaachia mpaka useme. Lakini uniapie kwamba ukisema umeshika, umeshika."

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi neno hilo?"

"Apa."

"Naapa, kichwa ngumu wewe. Sasa nipishe nile."

Majuma yaliyofuata sikuwa na raha. Nilimhurumia na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na nyumbani nikawa nawagombeza watu wasio na kosa. Ukumbi ulipakwa rangi ya majivu, makasha yakaingia, nguruwe na kofia zikapata masanduku yao ya kuonyeshea. Verna alivipokea vitu vidogo akivikazia macho mikononi mwake, na vyote vikafika salama. Dwayne akaanza kumtania kwamba amezeeka, anatazama vidole vyake kama bibi anayefuma soksi. Mimi sikucheka, naye Verna alicheka kupita kiasi.

Siku ya mnyororo Bibi Dudash alikuja bila kualikwa. Aliingia na koti zito, mkoba, na mkate wa kokwa za jozi uliofungwa karatasi ya foili, akavuta kiti cha mlinzi akakiweka katikati ya ukumbi.

"Bibi Dudash, si lazima ukae hapa," Gail akamwambia kwa upole. "Ukishapanda tutakupigia simu."

"Mume wangu nilisimama naye mpaka akafunikwa udongo. Nao huu nitakaa nao mpaka upande." Akamgeukia Verna, akampima juu hadi chini. "Wewe si binti wa Andy?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako alikuwa anaimba vibaya."

"Tena kwa sauti kubwa," Verna akasema.

Bibi kizee akacheka, kisha akaacha kucheka. "Angalia basi, mwanangu. Wote wamo humo. Hakuna mwingine wa kuwatengeneza tena."

Mratibu alitaka mnyororo ukae juu kama ulivyokaa zamani katika ukumbi wa chama, ukining'inia kwa mikunjo mirefu kwenye vishikizo vya shaba vilivyofunikwa mpira. Tulikuwa na jukwaa la magurudumu. Dwayne alisimama sakafuni na sanduku, akinipa mimi niliyekuwa ngazi ya kati, nami nikimpa Verna aliyekuwa juu. Kila kipande kilipopanda, pete zilitoa sauti nyembamba, kama vijiko kabatini lori linapopita barabarani. Ugumu ulikuwa mmoja: ukishaanza huwezi kurudi nyuma. Ukilegeza kipande kilicho mkononi, pete zilizokwisha kutundikwa zinavutwa na kugongana zenyewe kwa zenyewe.

"Nimeshika," akasema Verna.

"Ni yako," nikasema, nikaachia.

Kishikizo cha kwanza. Tukasogeza jukwaa, tukafunga magurudumu, tukafanya tena. Verna alikuwa akitazama mikono yake kila mara, na kila aliposema neno lile moyo wangu ulisimama kidogo kabla sijaachia. Jasho lilinitoka mgongoni ingawa ukumbi huwekwa baridi. Gail alisimama mikono kifuani. Bibi Dudash alikuwa akitaja majina chinichini kila kipande kilipoinuka, ya wanaume wa zamu, na nilisikia la Andy likitajwa zaidi ya mara moja. Dwayne peke yake ndiye aliyekuwa na furaha, maana Dwayne hakujua.

Kishikizo cha mwisho kilikuwa juu ya mlango, nyuma ya boriti. Nilikuwa nimekiona kwenye mchoro, Verna naye alikuwa amekiona, na hakuna kati yetu aliyemtajia mwenzake. Ili kukifikia ilimpasa kupitisha mikono yote miwili juu ya boriti na kubandika shavu ukutani. Mikono ilikuwa upande ule na macho upande huu.

"Niko tayari," akasema, uso ukiwa ukutani.

Nikauinua mnyororo kwa viganja vyote viwili, mikono imenyooka juu ya kichwa, mpaka nikaona vidole vyake vimeufunga. Nikahisi uzito unapungua. Mtu yeyote aliyekuwa sakafuni angeapa kwamba ameshika, hata mimi niliyekuwa karibu niliona vidole vimeuzunguka vizuri. Nikangoja neno.

Halikuja.

"Verna?" Gail akaita. "Kuna nini?"

Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Nilikuwa namwona nusu ya uso tu, na nusu hiyo ilikuwa imeloa. Mabega yangu yalianza kuungua, na huko kulia pete zikaanza kuongea. Kusema kweli nilitaka aseme, ili niachie. Nilitaka aseme hata kama si kweli, na nilijiogopa kwa kutaka hivyo.

"Odell," akasema polepole. "Nadhani nimeshika."

Neno lile sikuwahi kulisikia likiwa na nadhani mbele yake, si kwake wala kwa mwingine.

"Sitaki kudhani," nikasema. "Umeshika au hujashika?"

Bibi Dudash alikuwa amesimama. Mkoba ulimdondoka, hakuuokota. Dwayne alitaka kusema kitu, Gail akamzuia kwa kiganja. Nilimsikia Verna akivuta pumzi puani, akaishikilia, kisha akaitoa yote.

"Sijashika," akasema. "Usiachie." Halafu akapaza sauti ili ukumbi mzima usikie. "Gail, mkono wangu wa kulia umekufa ganzi. Ni miezi sasa, na nilikuficha. Mpandishe Dwayne upande wa pili, tena upesi, Odell anachoka."

Gail hakuuliza swali hata moja, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alisema tu, "Dwayne, panda." Dwayne ni mzito. Alipoanza kupanda jukwaa liliyumba, na mnyororo wote ukalia, kuanzia mlangoni hadi kishikizo cha kwanza. Nilifumba macho. Nikangoja kusikia kitu kikianguka sakafuni, na sikusikia.

Dwayne akapitisha mikono yake mirefu juu ya boriti, chini ya ile ya Verna.

"Toa vidole," akamwambia.

"Sijui viko wapi," Verna akasema. "Nitolee wewe."

Dwayne, mtu aliyekuwa akimtania mwezi mzima, akamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anavyofunguliwa mtoto aliyelala na kitu mkononi. Hakutania tena. Kisha akasema kwa sauti kamili, "Nimeshika."

 Kabla sijajibu, Verna akanijibia. "Ni yake, Odell. Achia."

Nikaachia. Mnyororo ukalala kwenye kishikizo, ukayumba, ukatulia. Nilikaa palepale kwenye ngazi.

Verna alishuka peke yake, akavua glavu kwa meno. Gail akamfuata karibu na pazia, na sisi tukajifanya tunapanga kamba.

"Ungeniambia," Gail akasema.

"Ungenitoa."

"Ningekutoa, ndiyo."

"Basi."

"Kuanzia sasa hugusi kitu, Verna. Si leo tu. Mpaka daktari aseme."

"Najua. Usinisemee kwa sauti ya hospitali, sijafa."

Daktari alisema wiki ileile. Mshipa wa fahamu shingoni ulikuwa umebanwa muda mrefu mno. Upasuaji ungezuia ganzi isipande zaidi, lakini kilichokwisha kupotea kisingerudi. Leonard ndiye aliyetuletea habari, akiwa na boksi la maandazi na bila hadithi yoyote. Kazi ya kuinua ilikuwa imekwisha. Nilikwenda nyuma ya makasha nikalia, na sijui kwa nini nione haya kuliandika hilo.

Siku ya kufungua, watu wa upande wa reli walijaa ukumbini wakiwa na nguo za kanisani. Hawakusoma aya za mratibu. Walisimama chini ya mnyororo shingo zimepinda, wakibishana.

"Ile nene ni ya mjomba wangu."

"Mjomba wako alikuwa mlevi, angewezaje ile? Yake ni ile iliyopinda."

"Nani hakuwa mlevi zamu ile? Taja mmoja."

Verna alikuja na koti lake la buluu, akasimama nyuma ya watu kama mgeni. Nilisimama kando yake. Nilimuuliza kama anataka kusogea mbele, akasema hapo panamtosha. Macho yake yalikuwa yakipita pete kwa pete, kutoka mlangoni hadi mwisho, kisha yakianza upya.

Bibi Dudash akamwona. Akapenya katikati ya watu kwa mkoba na viwiko, akaja mpaka kwake, akawatangazia waliokuwa karibu, "Huyu ni binti wa Andy Mihalik. Huyu ndiye aliyeutundika."

Watu wakageuka, wengine wakaanza kupiga makofi.

"Hapana," Verna akasema. "Aliyeutundika ni yule mkubwa pale, mwenye tai mbaya. Mimi nilishindwa."

"Nilikuwapo," bibi kizee akasema. "Nilikaa kwenye kiti nikaona kila kitu. Ungeweza kusema umeshika."

Verna akainua macho juu. Bibi Dudash akamchukua mkono wa kulia, akaufunga ndani ya mikono yake miwili, akaubana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, vidole vyake vya kizee vikawa vyeupe. Verna aliendelea kutazama juu, kwenye mnyororo. Ilibidi nimguse bega nimwonyeshe, ndipo akateremsha macho akaona kwamba ameshikwa.